Glasi ya Sita

Jua lilikuwa linazama Aline alipofika sokoni Kasulu kutafuta glasi. Kesho yake, Jumapili, wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja nyumbani kwao Heru Juu kutoka Munanila kuleta posa, watu sita. Binti huyu aliyewahi kufua mashuka hotelini Kigoma alikwishaapa kwamba hawatanyonya pombe ya ndizi kwa mrija mmoja kutoka chunguni. Alitaka glasi za miguu mirefu. Pombe ichanganywe na maji ya nanasi na embe, kipande cha nanasi kikae ukingoni. Maringo hayo!

Louise, mkimbizi wa Kongo aliyeuza vyombo pale, alimfungia sita kwenye gazeti. Kisha akasita.

"Mimi nilileta tano tu, dada," alinong'ona. "Iyi ya sita sijue ilitoka wapi."

Aline akacheka, akalipa, akaondoka.

Jumapili mchana alijaza glasi jikoni, akazipanga kwenye sinia. Alipogeuka kuchukua kitambaa...

Glu. Glu.

Glasi moja ilikuwa imepungua nusu. Ukingo wake ulikuwa na joto, na ulinuka udongo mbichi. Akaijaza tena, akapeleka sinia sebuleni na kuweka glasi moja mbele ya kila mgeni.

Hakuna mgeni aliyenyoosha mkono.

Mama yake, Niyonsaba, aliinamisha kichwa kwa aibu. Kwao mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu. Chungu kimoja huonjwa mara moja, yakaisha. Aline alikuwa amejiletea vyungu sita.

"Onja, mwana wanje," alisema Ndayikunda, baba wa mchumba, akimwita mwanawe kwa upole usiopendeza. "Zote."

Posa yote sasa ilikuwa hapo. Binti akikataa kuonja ataitwa mchawi, na mchawi nani atamwoa?

Akaonja ya kwanza. Ya pili... Mpaka ya tano, tamu tu.

Ya sita ilikuwa mbele ya Ndayikunda. Ilikuwa inapungua. Polepole, watu wote wakitazama.

Aline aliogopa. Akainywa.

Udongo.

Mdomo wake ukafunguka wenyewe. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, nzito, yenye kikohozi.

"Ndayikunda... Yangu mbona hukuionja?"

Mzee akaporomoka kutoka kitini. "Pasikali!" alilia. "Mdogo wangu, nisamehe!"

Wenzake wakamkokota nje bila kuaga. Posa ikaishia hapo, na watu wa Munanila hawajasema mpaka leo Pasikali alikufaje.

"Aline?" Mama alimshika bega. "Nijibu, mwana wanje."

Aline akaziba mdomo kwa mikono miwili. Hakujua nani angejibu.