Kila Mtu na Kodi Yake

Mimi ni dobi wa hospitali. Mashuka ya wodi zote yanapita mikononi mwangu. Kazi inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mnyapara wetu hana subira. Ukichelewa, jina lako linaandikwa. Likiandikwa mara tatu, unarudi nyumbani moja kwa moja.

Lakini kabla ya kazi hiyo nina kazi nyingine. Mama yangu anakaa mtaa wa pili, karibu sana na kwetu, katika chumba alichoachiwa na marehemu baba. Mwaka juzi alipata kiharusi. Mkono wake wa kulia hauna nguvu, na mguu anauburuta. Kila asubuhi namwogesha, namvisha, namnywesha chai na dawa. Saa saba mchana, wenzangu wakipumzika, mimi nakimbia kumwangalia. Jioni anakwenda mume wangu. Yeye ni fundi viatu. Meza yake iko njia panda, na kisigino cha kila mtu wa mtaani anakijua.

Tulikuwa tumepanga katika nyumba yenye wapangaji sita. Bomba moja, choo kimoja, kamba moja ya kuanikia nguo. Tulijuana sana. Nilijua nani anakoroma na nani hugombana na mkewe siku za Jumapili. Kitu kimoja tu hatukuambiana kamwe: kila mtu analipa kodi kiasi gani. Ukiuliza, unajibiwa, "Ah, kawaida tu, dada." Kila mmoja aliamini kwamba yeye ndiye aliyepunguziwa, eti mwenye nyumba anampenda. Hata mimi niliamini hivyo. Jamani, ujinga ni mzigo!

Katika chumba cha mwisho alikaa mama mmoja mshonaji wa sare za shule. Yeye kila mwezi alidai risiti. Msimamizi wa nyumba ananuna, lakini anaandika. Sisi tulimcheka na kumwita Bibi Risiti.

"Bibi Risiti, nikikuazima chumvi utaniandikia?" nilimtania siku moja.

"Nitakuandikia na tarehe," alinijibu.

Sasa sikilizeni yaliyotupata. Jumatatu moja jioni msimamizi alikuja. Mwenye nyumba mwenyewe anakaa mbali, hatukuwa tukimwona. Msimamizi hakusimama uani. Aliingia chumba kimoja kimoja, na kila alipoingia alifunga mlango. Alipofika kwetu alisema kwa sauti ya chini:

"Dada, kuanzia mwezi ujao kodi inakuwa mara mbili. Barabara mpya imefika, na watu wa maofisini wanavitaka vyumba hivi. Jumamosi nataka jibu. Ukishindwa, una wiki mbili za kuhama."

"Mara mbili! Na wenzetu wamesemaje?"

"Wamekubali wote. Umebaki wewe tu. Na usiende kusemasema nje. Nimekuja kwako kwa heshima."

Mume wangu alipotoka kazini nilimweleza.

"Tukilipa hiyo, tutakula nini?" aliuliza. "Tuhame. Kuna dalali ameniambia vyumba viko kule mwisho wa basi. Bei nafuu."

"Na mama?"

"Tutakuja kumwona mara moja moja."

"Mama haogi mara moja moja!"

"Punguza sauti," alisema. "Majirani watasikia kwamba tumeshindwa."

Basi tukanong'ona. Wiki ile nyumba nzima ilinong'ona. Pale bombani kila mtu alitazama ndoo yake. Jumatano muuza mayai wa chumba cha tatu alitoa godoro nje. Mkewe aliniaga bila kunitazama usoni. "Tumepata kwingine tu, dada," alisema. Nikamwambia, "Kila la heri." Moyoni nilijiuliza kwa nini anakimbia wakati amekubali kulipa. Nikanyamaza. Na kimya changu hicho kinaniuma mpaka leo.

Alhamisi ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilimwogesha mama, nikamwekea chakula karibu, nikamwambia tutarudi saa sita. Tukaenda na mume wangu kukiona chumba cha yule dalali. Tulipanda basi la kwanza, tukapanda la pili, kisha tukatembea kwa miguu. Safari ya karibu saa mbili! Chumba kilikuwa kizuri, siwezi kudanganya. Bati jipya, sakafu laini. Mume wangu aligonga ukuta kwa vidole.

"Umeona?" aliniuliza.

"Nimeona. Sasa niambie, nitaamka saa ngapi ili saa kumi na mbili na nusu nimeshamwogesha mama na niko kazini?"

Dalali akadakia. "Kwani mama hana watoto wengine?"

"Ana mimi."

"Haya, lakini toeni kishika nafasi sasa hivi. Kuna mtu mwingine anakuja saa nane."

Mume wangu alikuwa ameshatia mkono mfukoni. Nikaushika mkono ule, nikaubana kweli.

"Kesho," nilisema.

Wakati wa kurudi, basi lilikwama njiani. Tulifika kwa mama saa tisa na nusu. Nilipofungua mlango, kiti kilikuwa kitupu. Mama alikuwa sakafuni. Alitaka kwenda msalani, akaanguka, na hakuweza kuinuka. Nguo zake zilikuwa zimelowa.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Nilikuwa napumzika tu."

Anapumzika sakafuni! Tulimwinua, nikamsafisha, nikamkagua mifupa. Mungu alisaidia, hakuvunjika. Nililia waziwazi, sikujificha. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku moja tu nimekwenda mbali, na haya ndiyo niliyoyakuta. Je, nikihama kabisa?

Tulirudi nyumbani, hasira zimenijaa mpaka kooni. Nikasimama katikati ya uani, nikapaza sauti.

"Mimi nimeambiwa nilipe mara mbili! Sina! Nimeshindwa! Ninyi mliokubali, hizo pesa mmezitoa wapi?"

Milango ikafunguka. Mlinzi anayekaa chumba cha kwanza alitoka amevaa kiatu kimoja.

"Nani amekubali?" aliuliza. "Mimi nimeambiwa ninyi ndio mmekubali, nimebaki mimi tu."

"Wee! Hata mimi nimeambiwa hivyo hivyo," alisema jirani yetu msusi.

Tukatazamana. Mlinzi akainamisha kichwa.

"Mimi nilimwambia nitaongeza kidogo juu ya hiyo mara mbili," alisema polepole, "ili mimi nisifukuzwe."

"Kumbe wewe ndiye unayetupandishia!" Msusi alimfuata na kichana mkononi. Ilibaki kidogo wapigane.

Hapo Bibi Risiti akatoka, utepe wa kupimia ukiwa shingoni.

"Mkimaliza kugombana mnieleze," alisema. "Mficha uchi hazai. Kila mtu aseme hapa analipa kiasi gani. Mimi naanza."

Akataja. Nasi tukataja, mmoja mmoja, kwa aibu kama watu wanaovua nguo. Hakukuwa na wawili waliolingana. Msusi, mwenye chumba kidogo kuliko vyote, ndiye aliyelipa zaidi. Alikaa chini palepale.

"Miaka sita!" alisema. "Na mimi nikimpelekea msimamizi salamu za sikukuu!"

"Anatuweza kwa sababu tunafichana," alisema Bibi Risiti. "Mimi nilifukuzwa hivi hivi nilikokaa kwanza. Neno la mdomo tu, nikafunga virago usiku usiku. Nilipoteza na wateja wangu wote. Baadaye karani wa baraza la nyumba, lile linalosuluhisha wapangaji na wenye nyumba, akaniambia, 'Mama, ungekuja kabla ya kuhama.' Sasa sitaki kusikia tena maneno hayo."

"Kwani mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi? Nyumba si yake?" aliuliza mume wangu.

"Anaweza. Lakini kuna utaratibu. Notisi inaandikwa, na inatoa muda. Muda gani, kila mahali pana sheria yake. Ndiyo maana hatubahatishi, tunakwenda kuuliza. Na mpaka tupate jibu, hakuna kuhama, hakuna kutia sahihi karatasi usiyoisoma, na kodi ya zamani tunalipa kwa wakati. Ukiacha kulipa, umempa fimbo ya kukuchapia."

"Atatufukuza wote," alisema mlinzi.

"Wote kwa siku moja? Mwezi huo kodi atampa nani?"

Mimi niliwaza miaka yangu minne ya kulipa bila kipande cha karatasi. Bibi Risiti aliniona. "Mali bila daftari huisha bila habari," alisema, lakini hakunicheka. "Nitatoa risiti zangu, na nyinyi mtashuhudiana."

Ijumaa walikwenda barazani yeye, mume wangu na msusi. Karani alitazama risiti moja moja, akawasikiliza mpaka mwisho. Akawaeleza kwamba kwa sheria ya pale, kodi haipandi kabla ya notisi ya maandishi ya miezi mitatu. Na mpangaji anayelipa hatolewi kwa neno la mdomo. Akawaonya pia.

"Msitegemee kwamba kodi haitapanda kabisa," alisema. "Sheria haimkatazi mwenye nyumba kutafuta haki yake. Inamkataza kuwashtukiza. Ombeni mazungumzo."

Aliwasaidia kuandika barua. Jioni sote tulitia sahihi, na mlinzi alikuwa wa kwanza. Asubuhi yake, kabla ofisi haijafungwa saa sita, mume wangu aliipeleka ikagongwa muhuri.

Jioni ya Jumamosi hiyo, nimeshatoka kazini, msimamizi alifika. Akaelekea mlango wa kwanza. Mlinzi akamzuia kwa upole.

"Leo tunazungumza hapa uani, bwana."

Msimamizi alitutazama. Tulikuwa tumekaa kwenye viti na ndoo tulizozigeuza.

"Nani kiongozi wenu?"

Kisha akanionyesha mimi kidole.

"Wewe dobi, nilikuheshimu. Jumatatu nakutolea vyombo nje!"

Mbele ya macho yangu nilimwona mama pale sakafuni. Nikasimama.

"Vitoe," nilisema. "Lakini kwanza soma hii."

Nilimpa nakala ya barua. Alisoma. Alipofika kwenye muhuri alisoma tena. Akatoka nje na simu yake. Aliporudi, alisema maneno manne tu: "Mwenye nyumba atakuja mwenyewe."

Alikuja kweli, siku kumi baadaye, mbele ya karani. Alilalamika kuhusu paa na kodi za ardhi, na mengine yalikuwa ya haki. Tulivutana nusu siku. Mwisho tulikubaliana: kodi itapanda kwa moja ya tano tu, baada ya miezi mitatu, na vyumba vinavyolingana vitalipa sawa. Kila mmoja alipata mkataba wa maandishi wa mwaka mmoja, na risiti kila mwezi. Si kwamba tumepata pepo. Tumebana matumizi, na mume wangu sasa anashona na mabegi. Lakini tupo.

Muuza mayai hakurudi. Nilikutana na mkewe sokoni. Huko walikohamia wanalipa zaidi ya hapa, na wateja wa mumewe wamebaki huku. Nilipomweleza yaliyotokea, alinishika mkono.

"Dada, si ungeniambia?" alisema. "Neno moja tu, pale bombani."

Nawe unayesoma, kama kuna mlango wa jirani umefungwa wiki hii, nenda kagonge.

Siku tuliyopewa mikataba, nilitoka barazani nikaenda moja kwa moja kwa mama.

"Mama, hatuhami," nilisema. "Nitakuwepo kesho asubuhi."

Akaonyesha chini ya kitanda. Niliinama, nikavuta furushi la shuka. Ndani mlikuwa na nguo zake, dawa zake na kikombe chake.

"Nilimtumia mjomba wako salamu, aje anichukue nikakae kwake," alisema. "Nilisikia mnataka kuhama. Sikutaka ufukuzwe kazi kwa ajili yangu."

"Umelifungaje, kwa mkono mmoja?"

"Kwa meno."

Nilikaa sakafuni kulifungua. Fundo lilikuwa limekazwa sana, vidole havikuweza. Nami ikanibidi nitumie meno.