Mgeni Chini ya Mkadi

Jua lilikuwa linazama Iwalani alipobeba bakuli la poi, magimbi yaliyopondwa, na samaki mkavu kumpelekea kaka yake, Kamuela, aliyekuwa akilinda mchanga wa ghuba ya Kaonewai. Kesho yake halmashauri ya kaunti ingetia sahihi kuinunua ghuba nzima iwe mali ya umma, isijengwe kitu. Walikuwa wameipigania tangu mama yao yu hai. Waliotaka kujenga hoteli pale walishapiga hata vigingi, na madiwani walikuwa wagumu, wakisema mchanga ni mchanga tu. Mwezi uliopita ndipo wapimaji walipofukua mifupa ya wazee chini ya mti wa mkadi, wakaifukia tena kwa heshima, na madiwani wakalegea.

Harufu ilimpokea kabla ya kaka yake. Ya chambo kilichooza... nzito, ya kukaa ulimini.

Kamuela alikuwa mlangoni mwa hema, amekonda, macho yamemtoka. Pembeni yake alikuwa ametandika mkeka wa pili. Iwalani akamuuliza anamngoja nani, akajibu hangoji mtu. Akaambiwa basi akaoge, maana ananuka. Akasema si yeye anayenuka.

Iwalani akaketi, akafunua bakuli.

Kwao, poi ikishafunuliwa hakuna ugomvi wala uongo. Yale magimbi yaliyopondwa ni kaka mkubwa wa watu wote wa visiwa, na mbele ya kaka mkubwa mtu huchunga ulimi wake. Kamuela alilijua hilo tangu hajaota meno. Akanyoosha mkono alifunike bakuli. Iwalani akaudaka.

"Mkeka ni wa nani, kaka?"

"Wa bibi," akanong'ona. "Huja jua likizama... anakula na mimi."

"Bibi yupi?"

Hapo akayamwaga yote huku analia. Mifupa ile haikuwa ya ghuba. Aliitoa yeye kwenye pango la maziko la ukoo wa marehemu mkewe, ng'ambo ya kisiwa, akaileta kwenye ndoo ya chambo na kuifukia ili wapimaji waikute.

Ndoo ya chambo! Mtu mzima na akili zake, anamtia bibi wa watu kwenye matumbo ya samaki, halafu anajiita mlinzi wa wazee.  Iwalani akageukia pembeni, akatapika.

Alipogeuka tena, poi ilikuwa imechotwa. Alama za vidole viwili... na mikono ya Kamuela ilikuwa kwapani mwake. Katikati ya alama ulilala unywele mmoja mrefu, mweupe.

Kitu kikatafuna.

Taratibu... kwa mdomo usio na meno... juu ya mkeka mtupu. Mchanga wenye maji ukaanza kudondoka pale, tone kwa tone, kutoka pasipo na mtu.

"Nirudishe," sauti ikasema. Haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mgeni aliyechoka kukaa kwa watu. "Wafu wa huku chini hawanijui. Wananisukuma."

Kamuela akashika sepetu. Akamsihi dada yake wamfukue sasa hivi, wampeleke kwao, maana kesho sahihi ikitiwa hapatachimbwa tena. Iwalani alitamani kusema ndiyo. Lakini madiwani wakija wakakuta shimo tupu, hawatatia sahihi, na kabla ya mwaka kwisha wageni wa hoteli watakuwa wanaogelea bwawani, pale pale penye mkadi huo.

Akalifunika bakuli kwanza. Kisha akasema, "Muache. Atazoea."

Mkekani, kutafuna kukakoma.

Sahihi ilitiwa asubuhi. Wazee walilia kwa furaha, wakaimba, wakakumbatiana, na Kamuela akavishwa shada la maua akiwa ameinamisha uso. Mwenyekiti akatangaza kwamba kuanzia saa hiyo hakuna jembe wala mkono utakaougusa mchanga ule, milele. Watu wakashangilia. Iwalani akapiga makofi pamoja nao.

Kisha ile harufu ikamjia kwa nyuma, mchana kweupe, karibu mno. Kitu chenye unyevu kikamgusa shingoni.

"Milele ni lini, mjukuu wangu?"