Kingeshika Kwenye Baridi

"Dada, sumaku zote hizo unataka kumvuta nani?"

Soko la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika, kila kibanda na muziki wake. Msichana mwenye gauni la buluu na viatu vilivyochoka aliinua macho, akamwona fundi spika anamcheka.

"Si wewe. Nataka yenye nguvu."

"Basi umefika kwa mwenyewe."

Haya, ndivyo yalivyoanza. Msichana alikuwa mtafiti wa maabara; kazi yake kuotesha fuwele za metali adimu na kupima umeme unavyopita ndani yake kwenye baridi, karibu na sumaku. Fundi hakuelewa hata nusu. Akambandika jina la Daktari, akawa anampigia simu kila mchana kumuuliza kama amekula.

Siku moja Daktari alimletea kipande kidogo cha metali iitwayo gadolini, akakitumbukiza kwenye maji ya barafu. Kilipotoka kikaruka, kikang'ang'ania sumaku. Akakifunika kwa kiganja. Kilipopata joto kikaachia, kikaanguka mezani.

"Loo! Kikipata joto tu kinaniacha?"

"Ndiyo tabia yake, mpenzi."

"Tabia mbaya hiyo. Usiige."

Wakacheka mpaka jirani akachungulia.

Sasa sikilizeni. Daktari alikuwa na fuwele moja, aliyohangaika nayo miezi kwenye tanuri, na mkataba wake wa kazi ulitegemea vipimo vyake. Ilihitaji kubandikwa nyaya nyembamba mno. Mikono yake ilitetemeka kwa uchovu, nyaya zikakatika. Mikono ya fundi ilikuwa imetulia. Basi Daktari akaitoa maabara bila ruhusa, akamwachia pamoja na kichupa cha gundi.

"Nitunzie, roho yangu iko humo," akasema, akakimbilia kikao.

Fundi akaitazama ile gundi, akaguna. Gundi! Kitu cha mtu umpendaye ukibandike kama bahasha? Akawasha pasi ya kulehemu. Alitaka kazi imara, maskini wa Mungu, na hakuna aliyemwambia kuwa moto ungeiharibu. Daktari aliporudi, moshi ulikuwa bado unaelea, na fuwele imeungua, imepata ufa.

"Umefanya nini?"

"Nimelehemu, mama. Hazing'oki tena hizo!"

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda akalia, kisha akaifunga fuwele kwenye kitambaa, akaondoka. Simu yake ikawa haipatikani. Fundi akajiambia, amenichoka huyu. Msomi na mimi wapi na wapi? Akaumia peke yake, kiburi kikamzuia kumfuata.

Mpaka asubuhi moja dada wa Daktari akaja dukani amefura.

"Shemeji, umekaa tu? Mwenzio amefukuzwa kazi! Kabeba lawama zote, jina lako hakulitaja. Anasafiri leo."

Fundi alifika stesheni na aproni yake chafu, sumaku mkononi, kile kipande cha gadolini kimeing'ang'ania kwa baridi ya asubuhi. Daktari alikuwa na gauni lile lile la buluu, na sweta juu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungejilaumu. Na mimi ndiye niliyesahau kukuonya."

"Nisamehe, mpenzi."

"Nilishakusamehe."

"Basi nikufuate. Nikuoe. Spika zinaharibika kila mahali."

Daktari akatabasamu, machozi yakamtoka. "Usije. Nakupenda, lakini kila nikiiona mikono yako nauona ule moshi. Sitaki ifike siku nikuchukie."

Akakibandua kile kipande, akakifumbata. Sumaku akamwachia. Fundi alisimama pale hadi gari likapotea, watu wakimpiga vikumbo.

Siku nyingi zilipita ndipo simu ya Daktari ikaita mchana, wakati ule ule wa zamani.

"Umekula, Daktari?"

"Nimekula."

"Huko kuna baridi?"

"Baridi kali."

Fundi akaitazama sumaku juu ya meza, tupu, bila kile kipande.

"Basi kingeshika."



"Kingeshika," Daktari akasema, akakata simu.