Niliikataa "Maktaba ya Ng'ombe", Mwanangu Akapotea Tumboni

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na mbili, ni mkulima na mfugaji wa Endasak. Shule niliishia darasa la nne, lakini muulize yeyote huku: nani ana mashine ya kusaga? Nani ana trekta? Ni mimi! Nilianza kwa kubeba magunia ya maharage mgongoni, sikushikwa mkono na mtu. Ndiyo maana niliona hakuna wa kunifundisha...

Mwaka juzi mke wangu alishika mimba. Tulikuwa na binti mmoja tu, Paulina, aliyekuwa akisomea uuguzi, na tulishakata tamaa ya kupata mwingine. Nilifurahi kama kijana!

Haikudumu. Mke wangu alianza homa. Inakuja jioni, anatoka jasho mpaka shuka linalowa, asubuhi imepoa. Mgongo unauma, magoti yanauma. Nikanunua dawa za malaria dukani. Wapi! Nikaingia kwenye simu, akatokea mtu anauza unga wa kusafisha damu, anaongea kwa kujiamini kuliko daktari. Nikaagiza. Mimi, ambaye hakuna mchuuzi aliyewahi kunidanganya kwenye mizani!

Na kila asubuhi nilikamua maziwa mwenyewe, nikampa yakiwa bado na joto la ng'ombe. Huku kwetu mgonjwa hupewa hivyo apate nguvu. Nilimchagulia ya yule ng'ombe mwekundu, aliyekuwa ametupa mimba muda si mrefu...

Paulina akaja likizo. Hata shikamoo hakuimaliza vizuri alipomwona mama yake. Akafungua maktaba ya chuo kwenye simu. Alinieleza kwamba mle tafiti zimewekwa kwenye hazina mbalimbali, wanaziita kanzidata, na kila moja ina mambo yake. Akatafuta kwenye ile ya uuguzi, zikaja tafiti za homa nyingi mno, karibu zote za malaria. Akampigia mkutubi wa chuo. Mkutubi akamuuliza swali moja: nyumbani mnafuga? Basi akamwelekeza kwenye kanzidata nyingine, yenye magonjwa ya mifugo yanayoambukiza watu.

Paulina akanigeukia. "Baba, mwekundu alipotupa mimba, nani alimvuta yule ndama?"

"Mama yako. Kwani?"

"Kwa mikono mitupu?"

Nikawaka! Vibarua walikuwa pale uani, wanasikia. "Nimekusomesha uje umtafute mama yako kwenye maktaba ya ng'ombe? Mama yako ana pembe?"

Wakacheka. Mmoja akadakia, "Dada, mwangalie na kwato!"

Paulina akainamisha kichwa. Akasema taratibu, "Baba, basi apimwe damu tu. Na maziwa tuchemshe." Nikamjibu kwamba babu yangu aliyanywa mabichi mpaka akazeeka. Nikamwambia afunge simu akapike.

Asubuhi nikampelekea mke wangu kikombe kilekile...

Wiki hiyohiyo mimba ikatoka. Alikuwa wa kiume. Nilimbeba ndani ya kanga ya mama yake. Magunia yote niliyobeba maishani, hakuna lililonilemea vile!

Tulipomfikisha mama yake hospitali, Paulina hakuniomba ruhusa tena. Alimwonyesha daktari alichokipata kwenye ile kanzidata: ugonjwa unaotupisha ng'ombe mimba humpata hata mtu, kwa maziwa mabichi au kwa kumshika ndama aliyetupwa, na homa yake watu huidhania malaria. Damu ikapimwa. Ulikuwa ndio wenyewe!

Mke wangu alitibiwa kwa muda mrefu, akapona. Siku tuliyorudi aliniuliza jambo moja tu. "Baba Paulina, mwekundu alipotupa ndama ulimwita daktari wa mifugo siku ileile. Mimi ulishindwa nini?"

Nikaenda jikoni, nikabandika maziwa motoni.

Ndugu zangu, nawasihi! Mgonjwa apelekwe akapimwe mapema. Msimwamini kila anayeongea kwenye simu. Kama una mtoto msomi, mwache aingie maktaba ya kweli, amuulize mkutubi atafute kwenye kanzidata ipi. Akikuuliza habari za ng'ombe wako, jibu! Usimcheke kama nilivyomcheka wangu.

Siku hizi maziwa nayachemsha mimi mwenyewe. Mke wangu hukaa jikoni akiyatazama mpaka yaumuke. Nikimpa kikombe hukipokea, anashukuru... halafu ananisubiri ninywe kwanza.