Salamu ya Rubani

"Moja kati ya meli hizo tatu ina baruti tumboni," ilisema sauti ya Mkubwa kwenye simu. "Ikifika mlangoni wanaizamisha."

"Ipi?"

"Ningeijua ningekusumbua wewe?"

Simu ikakatika.

Katika Idara ya Usalama walimwita Kobe. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, lakini hakuna mhalifu aliyewahi kumponyoka. Alikuwa juu ya mnara wa bandari, darubini ya Zeiss machoni. Jua la mchana lilichoma. Nje ya mlango wa bandari meli tatu zilisubiri kuingia. Zote zilikuwa na kutu. Zote zilisema zimebeba ngano.

Mlango wenyewe ulikuwa mwembamba, na kisiwa kizima kilikula kupitia hapo: ngano, mafuta, dawa za hospitali. Meli moja ikizama pale, nchi imekabwa koo. Kampuni ya kigeni ilishajenga gati lake upande wa pili wa kisiwa, ikisubiri siku hiyo kwa uchu wa fisi.

Kobe angeisimamisha meli isiyo yenyewe, ile yenye baruti ingeshtuka na kuukimbilia mlango.

Redio ikakoroma.

"Mnara, hapa rubani. Nimeshapanda meli ya kwanza. Hujambo? Tunaingia."

"Ingieni," alijibu mama wa redio pale mnarani. Kisha akasonya, akamgeukia Kobe. "Kaka yako kalewa?"

Rubani alikuwa kaka yake Kobe, tumbo moja. Kazi yake ilikuwa kupanda meli za wageni na kuziongoza hadi gatini.

"Kwa nini, mama?"

"Hujambo! Mimi! Tangu aanze kazi, hata bahari ikichafuka, ni shikamoo kwanza, mengine baadaye. Leo ananisalimia kama mtoto wa chekechea?"

Kobe aliteremsha darubini. Kaka yake angeweza kusahau jina lake mwenyewe, lakini si shikamoo.

Alikuwa ametekwa.

"Usimuulize kitu, mama. Ongea naye kama kawaida."

"Mungu wangu," alinong'ona mama wa redio.

Boti ya marubani, injini mbili za Yamaha, iliikata bahari hadi ubavuni mwa meli ya kwanza. Ngazi ya kamba ilikuwa bado inaning'inia. Kobe alipanda, bastola ya Glock yenye kiwambo cha kuzuia sauti kiunoni.

Akachungulia juu. Nyuma ya vioo vya chumba cha usukani alimwona kaka yake. Nyuma ya kaka yake alisimama nahodha, bastola mkono mmoja, rimoti mkono wa pili.

Kando ya Kobe palikuwa na ngazi ya kwenda kwa kaka yake. Mbele kabisa ya meli palikuwa na nanga.

Mlango ulikuwa karibu mno. Kama angepanda kwanza, meli ingekuwa imeshaingia.

Alitaka kupanda. Alitaka sana, na alijichukia alipogeuka kuelekea mbele.

"Wewe nani?" mlinzi alifoka.

"Fundi."

Pafu! Mlinzi akaanguka.

Meli ikikaribia mlango, nanga huachwa tayari, imeshikwa na breki tu. Kobe aliuzungusha mpini wa breki kwa nguvu zake zote. Mnyororo ukanguruma, kutu ikatimka.

Alitazama juu. Kaka yake alikuwa amemwona, na alijua kinachofuata. Taratibu, kwa mikono miwili, alilishika bomba la chuma lililokuwa mbele yake.

Nanga iling'ata sakafu ya bahari. Meli nzima ikaruka.

Risasi ikalia juu.

Kobe akakimbia.

Alikuwa katikati ya ngazi redio ya kiunoni ilipokoroma.

"Mnara, hapa rubani." Sauti ilikuwa ikitetemeka. "Shikamoo, mama."

Mama wa redio alikuwa akilia wazi wazi.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba!"

Ndani ya chumba cha usukani dari lilikuwa na tundu la risasi. Nahodha, aliyetupwa chini na mshtuko wa nanga, alilala kifudifudi, pua ikivuja damu, na rubani amemkalia mgongoni, rimoti na bastola mkononi.

"Mdogo wangu, umechelewa."

"Nilikuwa na kazi mbele."

"Niliiona," alisema kaka yake. "Ningekuwa wewe, ningefanya hivyo hivyo."

"Wenye kazi yao watatuma meli nyingine," nahodha alikoroma. "Hawachoki hawa."

"Mkamia maji hayanywi," alijibu Kobe, akamfunga pingu.

Wanamaji walipofika, alivaa miwani yake ya Ray-Ban na kushuka ngazi polepole, hatua za kobe.