Milimita Sitini za Jumatatu

Tangu mama yake ajifungue, Nadira alikuwa akiamka kabla ya jua, akichota maji, akifua nepi, ndipo atembee kutoka kwao mtaa wa Kiandutu hadi shuleni. Saa tatu kamili alisoma kipimamvua kilichokuwa nyuma ya darasa, akaandika kiasi cha mvua daftarini. Kazi hiyo alipewa kwa sababu ya mwandiko wake safi, naye aliipenda. Hata Jumamosi na Jumapili alikwenda.

Wikendi moja ya Aprili 1996, miguu ilikataa. Siku zote mbili hakwenda. Jumatatu alikuta maji ya milimita sitini, asijue yalinyesha lini. Akayagawanya: ishirini Jumamosi, ishirini Jumapili, ishirini Jumatatu. Alijiambia kwamba hakuna tone lililopotea.

Rafiki yake Gathoni alichungulia daftari, akacheka. "Wee Nadira, hii mvua yako ilipanga foleni?"

Alhamisi, Mwalimu Selpha aliwaambia wanafunzi kwamba kesho yake daftari lingepelekwa kwa wataalamu wa hali ya hewa. Akaeleza jinsi hewa yenye joto inavyopanda huku kwetu tropiki, karibu na ikweta, ikamwaga mvua, kisha ikashuka mbali ikiwa kavu, na kurudi tena. Moshi wa magari na viwanda unaongeza angani hewa ya kaboni inayonasa joto, na dunia inazidi kupata joto. Wataalamu wanadhani mzunguko huo utalegea, huku hewa yenye joto ikibeba maji mengi zaidi. Huenda mvua ikanyesha siku chache, lakini kwa kishindo.

Nadira alizikumbuka zile ishirini tatu. Akisema ukweli, angenyang'anywa daftari. Akinyamaza, uongo wake ungesafiri. Wenzake walipotoka kucheza, alibaki.

"Mwalimu, ile wikendi sikuja. Nilichoka. Mvua niligawanya mwenyewe."

Mwalimu hakufoka. Alimvutia kiti, akammiminia uji kutoka chupa yake mwenyewe, akangoja anywe. Kisha wakafuta nambari zile pamoja kwa mstari, wakaacha Jumamosi na Jumapili wazi, wakaandika kwamba sitini ni jumla ya siku tatu. Gathoni, aliyekaa karibu na shule, akaitwa, akakubali kupima wikendi. Kazi ya daftari ikabaki kwa Nadira.

"Huenda ilikuwa mvua ya siku moja," Mwalimu alisema taratibu. "Ukiigawanya kwa siku tatu, unaficha jambo lile lile tunalotafuta, mvua ya kishindo. Kuchoka si kosa, mwanangu. Ukichoka, sema usaidiwe. Na usipopima, acha pengo. Pengo halimdanganyi mtu."