Nilitaka Urafiki wa Mpanda Jabali, Nikaufanyia Biashara

Nina miaka arobaini na mitatu. Nauza viatu vya mitumba sokoni Bariadi, na katika biashara hiyo sijawahi kulia... wateja ndio hulia! Mume aliondoka zamani, mwanangu yuko chuo Dodoma, na chenji naihesabu mara mbili hata nikirudishiwa na mchungaji wa kanisa letu. Wateja ninao wengi. Rafiki sikuwa naye hata mmoja.

Ndugu wasomaji, msicheke mkisikia niliyemtaka awe rafiki yangu. Nilimtaka Mama Kwandu, mpanda jabali wa Zagayu.

Nyuma ya mashamba ya pamba ya kijijini kwao kuna jabali refu, limesimama wima kama ukuta wa ghala. Mama Kwandu alikuwa analipanda peku, kitenge kimefungwa kiunoni, kapu mgongoni. Unadhani alikuwa anatafuta nini huko juu? Alikuwa anaanika michembe! Viazi vitamu akishavikata vipande, anavipandisha kileleni vikauke, mahali ambapo mbuzi na kuku hawafiki. Wanawake wote wa kule huanika michembe juu ya mawe, ila mawe ya wenzake yanaishia magotini.

Kuna wageni waliwahi kuja na kamba zao na kofia ngumu. Kamba ikanasa katikati ya jabali, wakabaki wanaangaliana. Mama Kwandu akapanda, akainasua, akawashushia, kisha akawauliza kama kuna kingine walichosahau. Kuna aliyemrekodi, na video hiyo ilizunguka kwenye simu mpaka watu wakaichoka.

Lakini mimi sikumjulia kwenye simu. Nilimwona kwa macho yangu nikiwa mtoto wa shule, nimepelekwa Zagayu kwa shangazi. Nilisimama chini, shingo imepinda, nikasema moyoni: huyu mwanamke haogopi kitu. Mimi wakati huo nilikuwa naogopa hata bata! Tangu siku ile nilimbeba moyoni, na nilipopata nauli yangu mwenyewe nikaanza kumfuata.

Safari ya kwanza nilibeba sukari, sabuni na kitenge kipya. Nikapiga goti, nikamsalimia kwa Kisukuma, nikimwita mama.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila," akaitikia, mikono haijaacha viazi. "Umekuja kununua nini?"

"Sijaja kununua, mayu. Nimekuja kukusalimia."

Akautazama mfuko wangu. "Salamu zenye mzigo hivyo! Pikipiki haikupata pancha?"

Salamu akapokea, mfuko akanirudishia. Minza, mkwe wake anayeishi naye, akanisindikiza mpaka njiani akiwa ameziba mdomo kwa kanga. Nilijua anacheka. Hata hivyo nikamwachia namba yangu ya simu.

Wiki iliyofuata nikarudi. Akanirudisha. Nikarudi tena... akanirudisha tena! Siku moja nilifungua belo la mitumba nikakuta viatu vya ajabu, soli laini kama tairi lililokwisha, vidole vimejikunja kama kucha za mwewe. Kijana mmoja mteja wangu akaniambia hivyo ni vya wapanda miamba, huko nje vinauzwa ghali. Moyo ukaruka! Nikavipeleka mbio. Mama Kwandu akavigeuza juu chini, akavipima kwenye kiganja.

"Hivi ni vya mguu wa nani? Wa pelele, yule mnyama wa mawe?"

Akanirudishia. Nilirudi Bariadi na viatu vya pelele mapajani.

Jirani yangu sokoni, Mama Shija, ndiye aliyekuwa ananimaliza. Nilikuwa nimeshatangaza soko zima kwamba mimi na Mama Kwandu ni marafiki. Basi kila Jumatatu anapanga sufuria zake huku ananiuliza kwa sauti: "Shoga, rafiki yako hajambo? Hajakupa hata kiazi kimoja tuonje?" Wauza dagaa wanaangua kicheko. Nami najibu kwamba viazi viko njiani.

Kisha ikaja Jumapili moja ambayo siwezi kuisahau...

Bodaboda iliteleza kwenye mchanga, mimi na dereva tukaenda chini. Hatukuumia, lakini sukari yote ikamwagika barabarani. Nilifika kwa Mama Kwandu mikono mitupu, nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nilitaka kugeuza njiani kwa aibu.

Aliponiona alicheka! Sikuwahi kumwona akicheka. Akanisogezea kigoda na maji ya kunawa uso, akanipa kisu.

"Leo umekuja mwenyewe," akasema. "Siku zote ulikuwa unatuma mfuko, wewe unakaa nyuma yake. Haya kata. Vipande vyembamba, siyo vinene kama mabelo yako ya mitumba."

Tulikata viazi mpaka jua likapinda. Aliniambia jinsi mumewe alivyokuwa anamkataza kupanda, na jinsi alivyopanda siku ya matanga yake ili alie peke yake. Nami nikamwambia mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu. Kwamba nikifunga kibanda jioni, naongea na viatu. Hakucheka. Alisema tu, "Hata mimi jabali linanijua kuliko watu."

Nilipoinuka kuondoka aliniita "ng'wanone", yaani mwanangu. Jamani! Halafu akauliza, "Jumapili utakuja?"

Nikamwambia nitakuja.

"Michembe hii uliyokata nitaipandisha kesho," akasema. "Sitaishusha mpaka uje, tuile pamoja. Nikiwa juu kule naliona vumbi la pikipiki tangu inapoacha barabara kubwa. Nikiliona nitashuka niweke chai."

Nilirudi nikiimba nyuma ya dereva mpaka akaniuliza kama nimeumia kichwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipojichimbia kaburi.

Sisi wa sokoni tuna kanuni yetu. Mteja akishashika kiatu na kukuuliza "mwisho wake ngapi?", ujue moyo wake umenasa. Hapo usimshangilie. Geuka upande, panga panga vitu, jifanye huna shida. Akiondoka mwache aende... atarudi, na atarudi na bei yako! Kanuni hiyo imenilisha na imemsomesha mwanangu.

Na mimi, mjinga wa mwisho, nilipoulizwa "Jumapili utakuja?" nilisikia mteja!

Nikajiambia: nimemkimbilia muda mrefu, sasa zamu yake. Nisiende. Aone pengo langu. Namba yangu Minza anayo, watanipigia, nitaweka simu sauti kubwa Mama Shija asikie Mama Kwandu wa jabali ananiita. Nilitaka kuitwa, wasomaji wangu. Kwenda tu hakukunitosha.

Jumapili ikafika, nikabaki nyumbani nafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Simu kimya. Jumapili ya pili, kimya. Nikajipongeza kwamba anakaribia kulegea. Ya tatu nilishashika mkoba, nikauweka chini. Usiharakishe, nikajiambia, ukiharakisha unapoteza bei.

Nilikuwa napoteza nini, Mungu wangu?

Wiki kadhaa baadaye, nikiwa bado nasubiri kuitwa, Minza akatokea kibandani kwangu. Moyo ukanidunda kwa furaha, nikaona ndiyo hii! Mwaliko umeletwa kwa miguu! Nikajifanya nina kazi nyingi. Nikamtupia jicho Mama Shija, na yeye akaacha sufuria zake.

Minza alichagua chagua, akainua raba moja nyeusi.

"Hiki unauza kimoja?"

Nikacheka kwa sauti. "Kimoja? Kwani unamvisha kuku anayesimamia mguu mmoja?"

Wauza dagaa wakacheka. Minza hakucheka. Alikishika kile kiatu kwa mikono miwili, machozi yakaanza kumdondoka juu ya kamba zake.

"Cha mama," akasema. "Mguu mwingine wameukata."

Sijui nilikaa chini saa ngapi. Nilijikuta nipo kati ya viatu, Minza anasimulia.

Jumapili ya kwanza Mama Kwandu alipanda jabali bila kapu. Akakaa kule anaangalia barabara mpaka jioni, akashuka, akamwaga maji ya chai. Jumapili ya pili vilevile. Minza akamwambia, "Mama, nimpigie simu?" Akakataa. "Alisema atakuja. Ukimwita utamwonyesha kwamba hatukumwamini."

Jumapili ya tatu Minza alikuwa amekwenda kwao Maswa. Upepo wa siku ile ulikuwa mkali, vumbi kila mahali. Huenda aliona vumbi akadhani ni langu, akaanza kushuka haraka akaweke chai... Hakuna anayejua. Wachunga ng'ombe walimkuta kesho yake asubuhi kati ya mawe. Alipofikishwa hospitali mguu ulikuwa umeshaharibika.

Nilifunga kibanda, nikapanda bodaboda na Minza. Kile kiatu nilikishika mimi.

Mama Kwandu alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, amelipa jabali mgongo. Amekonda! Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa mpaka karibu na ardhi.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, mgeni," akasema. "Umekuja kununua nini?"

Nilieleza yote. Nililia, nikajitukana, nikamweleza mpaka ile kanuni ya sokoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia mapajani. Kisha akasema taratibu, "Ungeniambia tu bei yako. Mimi ningelipa siku ileile."

Akamwita Minza amsaidie kuingia ndani. Kiatu hakukigusa.

Ndugu zangu, bado naenda kila Jumapili. Naenda mikono mitupu. Nasalimia, ananiitikia, ananiuliza nimekuja kununua nini, nasema nimekuja kusalimia, anasema salamu amezipokea. Basi. Hanifukuzi wala hanikaribishi. Chai haiwekwi. Nimeshakubali kwamba haitawekwa.

Mama Shija haniulizi tena kuhusu viazi, na hilo linaniuma kuliko alipokuwa ananiuliza.

Wewe unayesoma hapa, nakusihi. Mtu akikuuliza "utakuja?", usigeuke upande. Usimpime anakutaka kiasi gani. Kama umesema utakwenda, nenda, hata ukiwa na vumbi mpaka kwenye kope, hata sukari ikiwa imemwagika njiani. Anayekusubiri hatakuambia ameketi mahali pa hatari kiasi gani.

Juzi nilimuuliza Minza ile michembe tuliyokata pamoja iliishia wapi. Akainua kidevu kuelekea kileleni.

"Bado iko kule," akasema. "Nani mwingine wa kupanda kuishusha?"